Subira Yenye Makali

Nguo ya harusi ya binti wa mama mdogo niliishona mimi, na mwanamme aliyekuwa akimwoa ni yule aliyeniposa mimi kwanza.

Tulikuwa tukikaa nyumba moja mtaa wa Kiponda, mjini Unguja, nyumba ya ghorofa aliyoiacha babu mzaa mama. Mama yangu, kaka yangu na mimi tulikaa chini. Mama mdogo, mjane, alikaa juu na binti yake. Ua ulikuwa mmoja, kisima kimoja, ngazi moja. Binti huyo alikuwa mdogo kwangu kidogo tu, akiniita "da", na tulilala kitanda kimoja mpaka tulipovunja ungo. Sikuwa na rafiki mwengine zaidi yake.

Aliyeniposa alikuwa karani wa bandarini, kijana wa watu wazuri. Mama alikubali, kaka alikubali, na mimi nilipoulizwa nilinyamaza, ambayo ndiyo namna ya msichana kukubali. Nikaanza kutia nakshi foronya zangu. Kisha siku moja baada ya adhuhuri alikuja shangazi yake yule kijana, peke yake, hakuvua hata buibui. Alimwambia mama kwamba wameghairi.

"Kwa nini?" mama aliuliza.

"Tumeambiwa bibi mzaa baba wa mwanao alikuwa mtu wa kununuliwa. Mimi mwenyewe sijali, Bi mkubwa, lakini wifi yangu anajali. Siku hizi watu wanaulizana asili."

"Nani kakwambieni?"

"Maneno hayakutoka mbali," alijibu, na akainua macho kule kwenye ngazi.

Lenyewe lilikuwa kweli. Bibi yangu mzaa baba aliletwa Unguja akiwa mtoto, akauzwa, akaachwa huru alipokuwa mwari. Namkumbuka, mikono yake ndiyo iliyonisuka nywele kwanza. Nyumbani tulijua sote, hatukulificha wala hatukulitangaza. Na kwa kuwa ilikuwa damu ya upande wa baba, binti wa mama mdogo haikumgusa hata tone. Alijua vizuri pa kukata.

Haukupita muda yule yule karani akamposa yeye. Mama mdogo alishuka ngazi na kitambaa cheupe mkononi, uso ukiwa chini.

"Dada, mimi sikuyatafuta haya," alimwambia mama. Kisha, kwa kuwa sindano yangu ilikuwa ikijulikana mtaa mzima, aliomba niishone nguo ya bibi harusi.

Mama alitaka kumfukuza. Mimi nikanyoosha mkono, nikasema, "Lete."

Niliipokea kwa nia moja tu, kuiharibu. Nilipanga nimtilie mishono ya uongo mgongoni na ubavuni, nguo impasuke atakapokalishwa mbele ya wanawake wa mji mzima. Nilikata kitambaa huku nikitabasamu peke yangu. Usiku nililala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu siku ya yule shangazi.

Kaka yangu alikuwa mwalimu wa Kiarabu. Alisoma Misri kwa muda, akarudi kwa sababu ya kifua, na alirudi na vitabu vingi kuliko nguo. Kila alasiri akishatoka msikitini alikaa ukumbini akatusomea, akifasiri pale pale, mama akichagua mchele na mimi nikiwa kwenye cherehani. Siku zile alikuwa kwenye kitabu cha hekima za Wayunani wa kale. Kulikuwa na kundi moja ambalo Waarabu huwaita watu wa riwaki, kwa sababu mkubwa wao alikuwa akisomesha kwenye ukumbi wa wazi, kando ya soko.

"Basi hao ni watu wa barazani," mama alisema.

"Naam, mama. Watu wa barazani hasa."

"Na wao walikuwa wakisengenya?"

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatueleza kwamba watu hao waliyagawa mambo ya dunia mafungu mawili, yale yaliyo mkononi mwa mtu na yale yasiyokuwemo. Mali haimo, afya haimo, na jina lako midomoni mwa watu halimo. Kilichomo ni namna unavyoyapokea yanayokufika. Kwa hiyo mtu akikuvunjia heshima, alisema, hajakudhuru bado; madhara yanatimia pale wewe mwenyewe unapokubali kwamba umedhurika. Na mmoja katika wakubwa wao alikuwa mtumwa, tena kiguru, na mabwana wenye mali walikuwa wakienda kukaa chini wamsikilize.

Nilisimamisha gurudumu la cherehani. "Mtumwa wa kununuliwa?"

"Wa kununuliwa."

Mama hakuinua macho kwenye ungo wake, lakini vidole vyake vilisita juu ya mchele.

Najua kaka alikusudia nipoe. Mimi nilisikia jengine kabisa. Kama jeraha halitimii bila ya mimi kulikubali, basi nisipolikubali kazi yote ya yule msichana imekwenda bure. Atakuwa ameuuza udugu wetu na mimi sikuumia. Mbele ya hilo, nguo ya kupasuka ilikuwa mchezo wa kitoto. Jioni ile ile nikaifumua mishono yote ya uongo, nikaishona nguo upya, na sijapata kushona nguo nzuri kama ile, kabla wala baada.

Siku ya harusi nilimvisha mwenyewe. Alipitisha vidole kwenye kila mshono, kwapani, shingoni, kiunoni, huku uso umemtoka jasho.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mama yake alimuuliza.

"Sindano. Isije ikawa imesahauliwa."

"Mimi sisahau sindano," nilimwambia. "Si wanijua."

Alinitazama kwenye kioo, na mimi nikamtazama, uso umetulia. Walipomtoa kumwonesha alikaa wima bila kuegemea, akiogopa hata kuvuta pumzi. Wanawake waliisifu nguo, wakauliza ni mkono wa nani. Kila nilipotajwa alinitafuta kwa macho. Sherehe ikamalizika, nguo haikupata hata uzi uliolegea, na yeye hakuifaidi.

Mumewe akahamia juu, kwa sababu kwao kulikuwa na watu wengi. Kuanzia hapo nikaanza kujifunza utulivu kama mtu anayejifunza kazi ya mkono. Kila nikishasali alfajiri, kabla sijafungua mlango, nilijipitishia yatakayonifika. Leo utakutana naye ngazini na kanga mpya aliyonunuliwa. Leo utasikia kicheko chao juu ya boriti. Leo jirani atakuuliza wewe utaolewa lini. Nikishayapitia yote nilitoka, na hakuna kilichonishtua.

"Umeamkaje, mdogo wangu?"

"Njema, da."

"Alhamdulillahi. Kateke sasa, maji kisimani yametulia."

Mwanzoni, nikishayatamka maneno hayo, nilikuwa nikirudi chumbani nikauma upindo wa kanga. Baadaye yakawa mepesi. Hilo kaka hakunisomea, kwamba zoezi lile linamfaa hata mtu ambaye nia yake si safi.

Yeye alikuwa amejiandaa kwa mengine. Alitarajia nimtukane uani, nimvue mtandio mbele za watu, nimseme kwenye ngoma za harusi. Hayo angeyaweza. Angelia, majirani wangemwonea huruma, na deni lake kwangu lingekwisha pale pale. Nikamnyima hayo yote. Nilimpa salamu asubuhi na salamu jioni, na alipoumwa na tumbo la mimba changa nilimpelekea tangawizi iliyochemshwa. Ndipo alipoanza kukonda.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani. Kila siku kabla ya magharibi nilimpandishia sahani ya futari, leo tambi, kesho muhogo wa nazi, keshokutwa vibibi. Sahani haziwezi kurudishwa Ramadhani, kila mtu anajua. Alizipokea kwa mikono miwili na kunishukuru, kisha nikishashuka nilimsikia akiita paka kwa sauti ndogo kwenye dirisha la nyuma. Paka wa uchochoro ule walinenepa. Nilikuwa nikisimama chini ya dirisha nikawatazama wakila vibibi vyangu, moyo umenijaa furaha ambayo sikuifanyia toba. Mama aliniambia, "Mbona unampikia vizuri hivyo?" Nikamjibu kwamba yeye ni ndugu yangu.

Baada ya Idi ndiyo yakafumuka. Mumewe aliikuta hirizi chini ya mto, na nyengine imeshonewa ndani ya godoro. Ilikuwa alasiri; kaka hajarudi bado, mama na mimi tuko ukumbini, na maneno yakateremka kwenye mbao za dari kama vile wamesimama mbele yetu.

"Hizi ni za nini?" mumewe aliuliza.

"Za kinga. Da ananiroga."

"Akuroge kwa lipi? Mtu anakuletea chakula kila siku."

"Ndiyo hicho. Hanuni, hasemi kitu. Mtu hawezi kunyamaza vile bila ya kuwa na lake."

"Lakini wewe umemkosea nini?"

Hapo nikamsikia akilia. "Mimi ndiye niliyemwambia mama yako habari za bibi yake."

Mama alinishika mkono. Nilikuwa nimejifunika uso kwa mtandio, na pengine alidhani nalia.

Kesho yake yule karani alibisha kwetu, akakaa na kaka ukumbini. Mimi nikakaa nyuma ya pazia la chumba, kama ilivyo ada. Aliomba radhi kwa maneno ya kiungwana. Alisema yeye aliambiwa kwamba habari zile zimetoka kwa watu wa nje, lau angalijua asingalikubali.

"Mwambie," nilimwambia kaka kwa sauti ya kusikika, "kwamba habari zilikuwa za kweli. Bibi yangu alinunuliwa. Yangetoka ndani au nje, yangekuwa kweli vile vile."

"Nasikia," karani alisema.

"Na mwambie kwamba mkewe alisema tu. Aliyekubali ni yeye."

Kahawa yake aliiacha kikombeni, nikamsikia akipanda ngazi polepole kama mzee.

Siku ya pili yake binti wa mama mdogo akashuka. Mama alikuwa sokoni. Alisimama mlangoni mwa chumba changu, tumbo limeanza kuonekana, macho yamemvimba.

"Da, nshachoka," alisema. "Lolote utakalonifanya, nifanye leo. Nipumzike."

"Sina la kukufanya."

"Unalo. Nakujua tangu utotoni, wewe hukusahau hata mtu aliyekunyang'anya tunda la kungu."

"Kweli, mdogo wangu. Sina la kukufanya."

Alinishika mkono, akauweka shavuni kwake. "Basi nipige. Mara moja tu. Nakuomba."

Shavu lilikuwa la moto. Ningeweza kumpiga, na nafikiri tungelia sote wawili, na labda tungerudi kuwa kama zamani. Nililijua hilo pale pale, na ndiyo sababu sikufanya. Nikauondoa mkono wangu kwa upole, nikamrekebishia mtandio wake uliokuwa umemteleza, nikamwambia, "Panda juu, mama yako yuko peke yake."

Mwisho wa mwezi mumewe akamhamishia kwa ami yake, Chukwani, nje ya mji. Hakumwacha. Alimtunza, akamlelea mwanawe, lakini mama mdogo alikuwa akija kutoka huko na kusema kwamba mkwewe anarudi kazini, anakula, analala, haongei. Mama alikuwa akisikitika naye. Mimi nilikuwa nikimtilia chai na kumwambia asimulie zaidi.

Kaka hakufurahi. Alasiri moja alikifunga kitabu akaniambia, "Haya siyo niliyokusomea."

"Ndiyo hayo, kaka. Nimefanya kila ulichosoma."

"Wale watu walitaka mtu apone hasira. Wewe umeinoa."

"Mimi sina hasira. Nitazame."

Alinitazama kitambo, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata jawabu sahihi kwa njia ya wizi. "Hilo ndilo linalonitisha," alisema, na siku zile hakutusomea tena.

Nilikuja kuposwa mara ya pili na seremala wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Walikuja wanawake watatu, nikatoka mimi mwenyewe kabla mama hajasema kitu. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba, nikawaambia nikiwa nimesimama, "Bibi yangu mzaa baba alinunuliwa. Kama lina uzito kwenu, tusipotezeane wakati." Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye meno ya tambuu, alimtazama mwenzake, kisha akasema, "Wangu mimi wote wawili. Kaa kitako, mwanangu." Nikakaa.

Binti wa mama mdogo hakuja harusini. Alituma ujumbe kutoka Chukwani kwamba anaumwa. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake. Nilimwita yule aliyeleta ujumbe aje karibu, nikampa salamu za kumrudishia, za kumtakia afya, yeye na mwanawe na mumewe. Nilizitamka polepole, kila mtu azisikie, na nikamtaka azikariri mbele yangu ili zisipungue hata neno moja zitakapomfikia.