Shavu la Mlengaji

Mjomba wangu ni mthamini wa vitu vya kale, na tangu nimfahamu hajawahi kula matapishi yake.

Siku moja mjane mmoja alimletea bunduki ya upepo ya marehemu mumewe. Mtutu ulikuwa umeshika kutu, na kitako cha mbao kimelika mpaka kinang'aa. Mama wa watu akaomba radhi kwamba hakuipiga msasa.

"Ushukuru Mungu!" mjomba akang'aka. "Wapiga msasa wote wanastahili viboko." Akavaa miwani, akapapasa pale palipolika. "Unaona hapa? Hili ni shavu la mlengaji, limelala hapa miaka arobaini. Uchakavu huu ndio thamani yenyewe." Akaandika hati, akapandisha bei maradufu kwa heshima ya hilo shavu, akagonga muhuri.

Mjane akaisoma polepole. "Lakini baba, marehemu hakuipiga hata siku moja. Tuliikingamisha bandani, kuku wakawa wanalala juu yake. Hapo palipolika ni miguu ya kuku."

Nilitazama dari nisije nikacheka. Mjomba akakohoa, akautazama muhuri ambao wino wake haujakauka.

"Mama," akasema, "muhuri ni muhuri."

Wiki iliyofuata nilikuta foleni ya wateja wa mjomba imefika barabarani. Wa mbele kabisa alikuwa jirani wa yule mjane, amekumbatia mpini wa jembe ulioganda kinyesi.

"Kuku wameulalia miaka kumi, mzee," akasema kwa fahari. "Na kama unavyotaka, sijausafisha."