Bunduki Iliyopiga Wingu

Leo risasi yangu imekosa joka zima. Joka, si panya!

Tulikuwa Sosiot kwa Kogo, nyanya yetu, tukicheza ule mchezo wa kuunda wahusika na kurusha dadu.

Dada yangu Chelangat ndiye msimulizi. Ametuweka Kericho ya miaka ya sabini, na joka linatema mvua ya mawe juu ya majani chai.

Mimi nimeunda mlinzi wa shamba. Pointi zote nikaweka kwa bunduki. Akili sufuri. (Msiseme amefanana na mwenyewe.)

Nikarusha dadu. Moja, namba mbaya kuliko zote!

"Risasi imeingia kwa wingu," Chelangat akasema, akicheka vibaya. "Chai imeisha."

Kogo akaweka birika chini.

"Imeisha aje? Siku zetu wenye mashamba ya chai walikuwa wanapiga mawingu kwa roketi, mawe yanashuka yakiwa mvua tu. Huyo mlinzi amefanya kazi."

Chelangat akafungua kitabu cha sheria za mchezo. Akakifunga. Chai imepona!

Kogo akavuta kiti. "Sasa mnitengenezee wangu. Bunduki yake iwe kubwa kuliko hiyo."

Nipeni jina la mtu wake, haraka. Mimi nimeshaambiwa nitambebea risasi.