Nilinunua laptop used kwa ushauri wenu, nikaishia kuandikia saluni ya kunyoa Mwamgongo

Wakuu, salaam, na poleni na majukumu.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu kwa sababu unaniaibisha. Lakini mwezi uliopita kuna jambo limetokea huku, nikaona nikikaa nalo peke yangu nitapasuka. Ninayosimulia yote yametokea, na mashahidi wako ufukweni wanashona nyavu. Mwenye kubisha apande boti aje awaulize.

Kwa wasionijua, mimi ni nesi, mwenyeji wa Muheza. Serikali ilinipangia Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Gombe. Huku kila kitu kinaletwa kwa boti: mchele, dawa, barua, na watumishi wapya wenye macho mekundu ya kulia kama nilivyokuja mimi. Huu ni mwaka wangu wa nne na nimeshaacha kulia.

Sasa, laptop.

Kituo chetu kilikuwa kinaomba boti ya wagonjwa. Mama akipata shida ya uzazi hapa tunampa rufaa ya hospitali mjini Kigoma, na usafiri ni boti hizi hizi za abiria na magunia ya dagaa. Tuliandika barua mbili kwa mkono. Ya pili ikajibiwa kwamba tulete andiko lililochapwa, lieleze kwa nini wagonjwa wetu wanachelewa kufika, na tulilete ndani ya wiki tatu.

Mganga mfawidhi akanikabidhi mimi kazi hiyo. Sababu yake eti nina mwandiko mzuri. Mwandiko mzuri na kuchapa vinahusiana wapi, mpaka leo sijaelewa.

Ningeweza kuchapisha stationery mjini, ila kila kosa moja lingekuwa safari ya boti kwenda na kurudi. Nikasema hapana, nanunua ya kwangu. Used, bei ya chini, ya kuandikia na kuangalia tamthilia wikendi. Basi.

Nikaja humu kuomba ushauri. Mlinijibu, Mungu awabariki, mkaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Angalia generation! Usikubali chini ya RAM 8! Kama haina SSD kimbia! Chukua business laptop, hizo ni ngumu kama tofali! Nikayaandika yote kwenye kikaratasi nikakikunja ndani ya Biblia.

Niliinunua Mwandiga, nje kidogo ya Kigoma mjini, kwa fundi mmoja anaitwa Dezire. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia hapa hapa, ni mpole na haongei sana. Akanitolea laptop nyeusi, nzito, mgongoni ina stika ya namba ya mali ya ofisi iliyobanduliwa nusu. Kwa sura ile ilishakaa kwenye vikao vingi kuliko mimi.

Nikatoa kikaratasi. Nikakagua RAM, SSD, generation, bawaba, kamera, spika. Nikabonyeza herufi moja moja. Wateja wengine wakanipisha kwa heshima, wakadhani nimetumwa na ofisi kubwa.

Dezire akaniambia taratibu, "Dada, mashine ni nzima kabisa. Ila betri yake imezeeka. Hii haiwezi kukaa mbali na ukuta."

Nikajibu kwa kujiamini, "Hakuna shida kaka, nitakuwa naichomeka."

Akaniangalia. "Unakaa wapi?"

"Mwamgongo."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani aliona mtu mwenye kikaratasi hashauriwi. Akanifungia laptop kwenye mifuko miwili ya nailoni kwa ajili ya maji ya ziwani, tukaagana.

Wakuu, nyumba ya watumishi ninayokaa ina sola ndogo, ya taa tatu na matundu ya kuchajia simu. Tundu la ukutani halipo hata la mapambo. Nimeishi humo zaidi ya miaka mitatu. Najua kila mjusi wa nyumba ile kwa sura. Lakini pale dukani niliona laptop imechomeka inawaka, akili yote ikarudi Muheza.

Nilifika nyumbani, nikaifungua, ikawaka vizuri, nikaandika jina la kituo. Ikazima.

Nikakaa nayo mapajani nikacheka peke yangu, halafu nikataka kulia, halafu nikakumbuka nilishaacha.

Kituoni kuna sola kubwa, ila ile ni ya friji ya chanjo na haiguswi. Mwenye umeme wa kuchomeka kitu pale kijijini alikuwa mmoja tu, Japhari kinyozi. Ana betri kubwa na inverter. Nikaenda na laptop yangu kwapani, nikamwamkia vizuri kuliko siku zote.

Japhari akanipa kiti cha pembeni na sharti moja. Inverter yake haibebi laptop na mashine ya kunyolea kwa pamoja, vikiwaka vyote inapiga kelele na kuzima kila kitu. Kwa hiyo akipata kichwa, mimi nachomoa. Mteja kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyoanza maisha mapya. Naandika sentensi mbili, Japhari anaita, "Sista, save!" Nasave, nachomoa, laptop inakufa, kichwa kinanyolewa. Kikiisha nawasha upya.

Na nilichagua wiki mbaya. Ilikuwa mbalamwezi. Wenye kuvua dagaa wanajua, mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazina kazi, wanaume wote wanabaki nchi kavu. Na mwanaume wa Mwamgongo akibaki nchi kavu anaenda saluni kwa Japhari, awe na nywele asiwe nazo.

Kati ya hao wasio nazo alikuwemo mvuvi mmoja, Baba Yohana. Mzee wa makamo, mtulivu, kichwa kinang'aa kama sahani, na bado alikuwa wa kwanza kufika kila siku. Anakaa nyuma yangu, hasemi kitu.

Wengine walisema. Walisimama mgongoni kwangu wanasoma kwa sauti kama darasa la pili. "Sista, hapo umeruka nafasi." "Sista, jina la kijiji liweke herufi kubwa, sisi si watu wadogo." Mmoja akaomba nimwandikie na barua ya posa nikimaliza, alikuwa hajui bado kwa nani.

Siku ya nne nikafika kwenye sehemu yenyewe, sababu za wagonjwa kuchelewa. Hapo sikufikiria hata dakika. Niliandika kama tunavyoandika kwenye ripoti zote: "Uelewa mdogo wa jamii kuhusu umuhimu wa kuwahi huduma."

Kijana wa nyuma akaisoma kwa sauti. Kicheko hakikuja. Nikageuka.

Baba Yohana alikuwa amesimama.

"Sista," akasema, "hapo unatusingizia."

Nikamwambia, "Samahani Mzee, ndivyo tunavyoandika."

"Mimi na mama Yohana tulikuwa ufukweni kabla jua halijatoka. Karatasi ya rufaa mkononi. Mwenye boti akasema tusubiri ijae. Wakaja watu wawili. Wakaja na magunia. Jua likapanda. Uelewa tulikuwa nao, Sista. Abiria ndio hawakuwepo."

Akarudi kukaa.

"Mama alirudi. Mtoto hakurudi."

Ilikuwa kabla sijahamia. Nimemwona mama Yohana mara nyingi kliniki na hakuwahi kunisimulia. Na mimi sikuwahi kuuliza, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tayari kwenye ripoti.

Japhari alikuwa na mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Siku hiyo hakuniambia save. Alizima mashine mwenyewe, akaichomoa, akaniambia, "Andika."

Yule mteja akabaki hivyo hivyo, upande nywele upande hamna, na hakulalamika. Nikafuta sentensi yangu. Nikaandika maneno ya Baba Yohana kama alivyoyasema. Nikauliza nani mwingine. Mikono ikainuka. Mmoja dada yake, mwingine mke wa kaka yake, mwingine mama yake mzazi. Nilikuwa naandika huku naona aibu kweli kweli, wakuu, nisiwafiche. Miaka yote ile mimi nakaa mita mia mbili kutoka kwa watu hawa.

Fikirieni kama ile laptop ingekuwa na betri nzuri. Ningejifungia chumbani, ningechapa "uelewa mdogo", ningepeleka kwa wakati, na wakubwa wangetusikiliza vizuri kabisa. Wangetuletea semina.

Andiko nililipeleka mjini mwenyewe, siku mbili kabla ya mwisho. Likakaa kimya miezi. Nilishakata tamaa.

Mwezi uliopita boti ikaja.

Ni ndogo, nyeupe, ina turubai. Na injini yake, mkae vizuri, ni used! Ilitumika ofisi nyingine huko, ina hadi stika ya namba ya mali iliyobanduliwa nusu. Wanaume wote wa saluni wakashuka kuikagua. Walizunguka, wakainusa, wakauliza imekaa muda gani kazini. Nikawauliza kama wanataka kikaratasi changu.

Kijiji kikamchagua Baba Yohana kuiendesha.

Rufaa ya kwanza ilikuwa asubuhi moja. Mama kijana, uchungu umekwama. Tulimlaza ndani, mumewe pembeni, mimi nikashika dripu. Kabla hatujasukuma akaja mfanyabiashara anakimbia na magunia mawili ya dagaa. "Mzee, nisubiri! Nafasi si ipo!"

Baba Yohana akaitazama ile boti, ina watu wanne na nafasi tele.

"Imejaa," akasema, akawasha injini.

Mtoto ni wa kike, ana kilo tatu na ushee. Nimeshamchanja.

Somo langu kwenu wazee wa generation na RAM: mtu akiomba ushauri wa laptop, muulizeni kwanza anakaa wapi na atachomeka wapi. Na wewe muuzaji mwenye huruma kama Dezire, siku nyingine usifunge mdomo. Mimi mwenyewe nimejifunza kuuliza kabla ya kuandika, na hilo halikuwa kwenye kikaratasi.

Laptop bado ni nzima, haijawahi kusumbua. Betri mpya nimeshapata na inakaa saa tatu. Lakini uzi huu nimeuandikia saluni.

Tukaneni, chekeni, ulizeni chochote, nitajibu taratibu kati ya kichwa na kichwa. Baba Yohana yuko nyuma yangu anasoma, anasema hicho kichwa cha sahani nitakijibia.

Japhari kapata mteja. Nasave.