Shimo la Gesi na Chupa za Javeli

Jamani, Mama ameua gesi yetu. Kwa usafi!

Leo wakwe wa kaka yangu wamekuja hapa Gahanga kuchukua ng'ombe wa mahari. Tulikuwa na huyo mmoja tu.

Sikujali. Shimo letu la samadi lilishaanza kutoa gesi ya kupikia. Lingeendelea kwa maganda ya ndizi.

Wameondoka naye, nikawasha jiko. Wapi!

"Mama, shimo limefanywa nini?"

"Juzi nimelimwagia javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, chupa tatu. Wakwe wasikie harufu ya mavi?"

Javeli imeua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Kuanza upya kunataka samadi mbichi, na ng'ombe ameshavuka kilima.

Tangu vita vianze, mkaa nao hauonekani sokoni.

Mama anauliza kama kesho itawaka. Mngemjibu nini?

Mimi nimechukua kamba, naenda kutafuta kuni.