Bote kwenye Kiti cha Baba

Miaka mingi nimeuza viatu sokoni Butembo, vile vinavyofika vimefungwa kwenye mabalo, yale marobota ya mitumba, vimekwisha kuvaliwa na watu wa Ulaya. Kazi hiyo ilinipa kiburi: naona miguu kwanza, uso baadaye. Na mtu akiniuliza tajiri anajulikanaje, namcheka. Kwetu mwenye nyumba ya ghorofa tatu ndiye anayevaa triko, yaani sweta, iliyotoboka kiwiko. Mwenye malori yanayokwenda mpakani Kasindi utamkuta amevaa bote, vile viatu virefu vya mpira vya kulimia, anakula hindi la kuchoma kando ya barabara. Anayeng'aa kuanzia kola hadi ncha ya kiatu, huyo atakushika saa nzima akiulizia bei, kisha aondoke bila hata kamba ya kiatu. Wageni ndio wanaodanganywa na nguo. Sisi watu wa Butembo, aka! Hatudanganyiki.

Nilikuwa nasema hivyo mbele za watu, tena kwa sauti.

Basi mdogo wangu wa kike akapata mchumba Beni, mtoto wa mtu mwenye mashamba ya kakao, huko alikokwenda kusomea uuguzi. Baba hakutaka. Beni mbali, Beni joto, Beni kila siku habari mbaya. Mdogo wangu alimwomba miaka miwili, akalia, akanyamaza, akaanza tena. Mwishowe baba akasema, “Bakuye, bale batu ba Beni. Nitabapokea mara moja. Kukiharibika siku ile, hapana kunisumbua tena.”

Mdogo wangu akanishika mikono jikoni. “Yaya, dada yangu mukubwa, ni wewe utapokea bageni. Nakuomba, yote ipite muzuri.” Nikamwambia alale usingizi. Kupokea watu ni kazi yangu ya kila siku.

Nyumbani kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Mwenye nyumba anatoka chumbani wageni wakishatulia. Binti haonekani hadi aitwe, na kijana mwenyewe siku hiyo haji. Na wageni hawajitambulishi wenyewe: wana msemaji wao, na baba wa kijana hafungui kinywa kabla msemaji hajasema yeye ni nani. Sasa siku hiyo msemaji wao alikuwa nyuma kwa pikipiki, na tairi likapasuka njiani. Wakafika watu wawili tu na mbuzi mmoja.

Wa kwanza alivaa kostime, suti ya bluu, karavati nyekundu shingoni, viatu vyenye ncha vinavyong'aa. Wa pili, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa na bote zilizojaa tope hadi magotini, na triko ya kijivu iliyotoboka kiwiko cha kushoto. Nilizitazama zile bote. Hazikuwa za bei rahisi. Zilikuwa zile nzito, kisigino kimeliwa upande mmoja na mtu anayezunguka sana shambani kwake. Nikajisemea, huyu ndiye mwenye kakao. Huyu mwingine ni binamu fulani, aliletwa kujaza gari.

“Karibu, tata! Karibu kabisa!” Nikamshika wa bote mkono, huku nikimwita tata, yaani baba, nikampeleka moja kwa moja kwenye kiti kikubwa cha baba, chenye kitambaa alichokifuma mama.

“Mama, hapana,” akasema. “Miye siko mutu wa kukaa pale.”

Nilifurahi mno. Wenye mali ya kweli ndivyo wanavyosema! “Tata, nyumba ni yako.”

“Mama, sikia kwanza…”

“Kaa, tata!” Nikamkalisha kwa mabega.

Tope lake lilimwagika kwenye sakafu niliyoisugua tangu alfajiri, nami nikalitazama kwa mapenzi. Yule wa kostime alikuwa bado amesimama, mdomo umefungwa. Nikamwonyesha benchi fupi ya mlangoni, palipokuwa na kesi ya sukre, kreti la soda zetu za wageni. “Papa, pale. Na utusogezee kidogo hiyo kesi, baba atapita.” Akanitazama. Kisha akainama, na kostime yake yote, akaisogeza.

Msemaji hakufika, na njaa haikumngoja. Nikaleta ugali wa muhogo, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na kuku. Firigisi, ambayo kwetu haimpiti mkubwa wa wageni, niliiweka peke yake kwenye kisahani cheupe, nikaipeleka kwa mikono miwili. Mwenye bote aliangalia benchi. Wa kostime aliangalia dari. “Kula, tata,” nikasema, na nikamsimamia hadi alipoing'ata nusu.

Ndipo baba akatoka chumbani, akaketi kwenye kiti cha kando, akamwita binti aje kusalimia. Mdogo wangu akaingia na kikwembe, kitenge chake kipya. Nilimwonyesha kwa kidevu: kule, kiti kikubwa. Akampita mtu wa bote, akaipita meza, akaenda hadi mlangoni na kupiga magoti mbele ya benchi.

“Jambo, papa. Mulifika muzuri?”

Alimjua baba wa mchumba wake. Kila Jumapili alikuwa akimwona kanisani Beni, ameketi kando ya mwanawe.

Baba akanigeukia. Sijui nini kilinishika, ila mkono wangu ulikwisha kwenda wenyewe na kukamata kile kisahani cha firigisi. Mtu wa bote alikuwa tayari amenyanyuka nusu, bila kuambiwa na yeyote. Hakukasirika hata. Alikuwa anajipangusa vidole ili aende zake mlangoni.

“Mama,” akasema mtu wa kostime. Alikuwa anasema kwa mara ya kwanza, na msemaji bado hajaonekana. “Uache ile sahani.”

Kisahani kilikuwa tayari mkononi mwangu.

“Ule mutu anachungaka mbuzi kwangu. Gari yetu ilikwama kwa matope, mbuzi ikaruka, ikakimbilia shamba la batu. Yeye alikuwa na sandali. Nikavua bote yangu, nikamupa. Baridi yenu ikamushika, nikamupa na triko yangu. Miye nikavaa mapema hii kostime niliazima ya kuvalia hapa kwenu. Alikimbiza ile mbuzi saa nzima. Bila yeye tungefika hapa mikono mitupu.” Akaonyesha kwa kidole miguu ya mchungaji wake. “Bote ni ya mwenye kakao, mama, ulijua muzuri. Donc, basi, sasa nataka nione kama utanyang'anya mutu nyama alianza kula.”

Baba alikunja mikono kifuani, na mdogo wangu alikuwa bado amepiga magoti, ananitazama. Neno moja la kijinga, baba angesimama na kusema imeharibika, na miaka miwili ya machozi ingeishia hapo. Niliona haya, haya iliyonichoma hadi masikioni.

Nikakirudisha kisahani. Nikachukua birika, nikapiga magoti kwenye lile tope, nikamnawisha mtu wa bote mikono. “Kaa, tata,” nikasema, safari hii kwa sauti ndogo. “Maliza.” Akakaa, akaimaliza haraka haraka.

Mabega ya mtu wa kostime yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Kumbe kicheko! Alicheka hadi karavati ikamwendea begani. Baba, mtu asiyecheka mbele ya wageni, naye akashindwa kujizuia. Msemaji alipoingia na vumbi lake, akiuliza aanze kumtambulisha nani, tukacheka upya, naye akabaki amesimama tu na kofia yake ya pikipiki.

Walioana. Nikienda kuwaona Beni, mkwe wetu, yule wa kostime, ananingoja, bote zake zimekaa kwenye kiti kikubwa. “Salimia mukubwa kwanza,” ananiambia. Nazisalimia, nifanyeje? Kisha ananionyesha benchi, na kesi ya sukre haikosi kuwa njiani, nami naisogeza.

Safari ya mwisho tulikuwa tunamenya ndizi, mimi na mdogo wangu. Nikamwuliza, siku ile aliogopa kiasi gani alipokuta nimemweka mkwe wake mlangoni.

“Ile haikuniogopesha, yaya,” akasema. “Nilijua batacheka. Niliogopa wakati niliona mukono yako kwa ile sahani.”

Nikaendelea kumenya ndizi.