Ndoano Ndani ya Majani ya Chai

Tuliondoka Isiolo kwa sababu Halima alitaka kaka yake aongee naye. Haya mambo ya kuvua samaki na kulala kwenye hema yalikuja baadaye, na mimi ndiye niliyeyapenda kuliko wote, maana nilikuwa nimeshona sare za shule hadi mgongo ukagoma.

Halima ni jirani yangu sokoni. Mimi nina cherehani, yeye ana karai la mafuta, anakaanga samaki. Ni Mborana wa upande wa Merti, na kwao samaki si chakula, ni kitu cha watu waliokosa mifugo. Siku Guyo, kaka yake mkubwa, aliposikia dada yake anauza samaki mjini, hakutukana wala hakukataza. Alinyamaza tu, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Halima akipiga simu, anayepokea ni Tume, mke wa Guyo.

Mwenzetu wa tatu ni Nakiru, Mturkana aliyezaliwa kando ya ziwa, anayemletea Halima samaki kwa pikapu ya mumewe. Wazo lilikuwa lake.

"Tusiende kama watu wa kuomba msamaha," alisema. "Twende tu kutembea. Tuweke hema kwa mto, tuvue, tusalimie Guyo tukipita. Akinyamaza, si tuko na samaki yetu?"

Siku moja kabla ya safari tulipakia nyuma ya kibanda changu. Nakiru hupakia kama mtu anayehama: hema, magodoro, makaa, sufuria tatu za watu watatu, jerikeni za maji tukielekea mtoni, na kiti cha plastiki.

"Kiti cha nini?" nikamuuliza.

"Kagendo, mimi sikai kwa mchanga kama mbuzi."

Mimi siwezi kuona mzigo umetupwa ovyo nikatulia. Nilishusha kila kitu na kukipanga upya, vizito chini na vyepesi juu, huku Nakiru akinipigia makofi ya dharau. Halima hakucheka. Alikuwa na kikapu chake cha zawadi, sukari, buni na majani ya chai, na wasiwasi mmoja tu.

"Guyo ndiye atashusha mizigo," alisema. "Kwetu hata mgeni wa kupita tu hashushi mzigo yake mwenyewe. Akiona vitu ya samaki, imeisha."

Basi tukaanza kuficha. Fito za kuvulia tukazikunja ndani ya hema. Mishipi ikaingia kwenye foronya yangu. Zikabaki ndoano.

"Hizo niachieni mimi," akasema Nakiru. Tukamwachia, na hakuna aliyemuuliza anaziweka wapi.

Alfajiri tulitoka mjini kukiwa bado na ubaridi. Tulipita Ngaremara, tukaacha lami, na vumbi likaingia hadi kwenye meno. Nakiru aliendesha akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kufukuza fisi, na mimi nikaitikia. Halima alikaa katikati yetu akisogeza midomo, akijifunza salamu atakayompa kaka yake, kama mtu ambaye hajawahi kumsalimia maishani. Nilimhurumia sana.

Alasiri tulifika kwenye boma. Guyo alikuja kutulaki, mtu mrefu, mswaki wa mti mdomoni.

"Salaam aleikum. Karibuni, mama. Barabara iko aje?" Aliniuliza mimi, akamuuliza Nakiru. Halima alikuwa amesimama hapo hapo, mkono ungeweza kumfikia, na salamu yake ikiwa tayari. Guyo akamgeukia mkewe. "Tume, uliza huyo mgeni kama amekula."

Nilitamani kumpiga kwa kile kiti cha plastiki. Halima alimjibu Tume kwamba amekula, kwa sauti ndogo, naye hakuwa amekula kitu tangu Isiolo.

Guyo alishusha mizigo yote mwenyewe, moja baada ya nyingine, akaipanga kivulini. Hema alilibeba begani, akasema kitambaa hiki kina uzito wa ajabu. Nakiru alitazama mbinguni. Halima akamkabidhi Tume kikapu cha zawadi, tukanywa chai yao ya maziwa, kisha Guyo akaipakia mizigo yote tena bila kunung'unika, akatuonyesha njia ya kwenda mtoni. Halima hakuagwa.

Jua lilipoanza kulegea tulikuwa tumesimamisha hema mbali na maji, kwa sababu ya mamba. Nakiru akatoa fito, akafunga mishipi, akanyoosha mkono.

"Halima, nipe ile mkebe ya majani ya chai. Ya kijani. Nimeweka ndoano ndani."

Halima alikaa chini mchangani, pu!

"Nakiru, hiyo mkebe ilikuwa ya Tume. Nimempea."

"Mimi nilijua ni chai yetu ya kambi!"

Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipouona uso wa Halima. "Watoto watakunywa hiyo chai," alisema, na tayari alikuwa anavaa viatu. Alikuwa akirudi kwa kaka yake kumwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba alikuwa amebeba ndoano. Kabla hajafunga kamba za viatu tukasikia pikipiki.

Guyo alitupita mimi na Nakiru kama vichaka. Akasimama mbele ya dada yake, akafungua kiganja. Ndoano zilikuwa zimejaa unga wa majani ya chai.

"Halima! Unataka kuua watoto yangu?"

Halima alimtazama. "Umeniita kwa jina," akasema.

"Nimekuuliza swali!"

"Si mimi, ni huyu!"

Nakiru alikuwa amekwisha kujificha nyuma ya kiti chake. Guyo alifoka kwa Kiswahili, Kiswahili kikamwishia, akaendelea kwa Kiborana. Halima naye akapandisha sauti, machozi yakimtiririka, mkono kiunoni. Sijui Kiborana, lakini nina kaka, kwa hiyo nilielewa kila kitu. Walianza na ndoano, wakaenda hadi mambo ya utotoni. Walipochoka, Guyo alikalia kile kiti cha plastiki.

"Hiyo biashara yako," akasema. "Watu wanakulanga hiyo kitu kweli?"

"Wanapanga laini."

"Ajabu," akasema Guyo, na akampa ndoano.

Kesho yake asubuhi alirudi na maziwa, akaketi mahali ambapo harufu isingemfikia, ili kutuangalizia mamba, alisema. Halima alipopata kambare wa kwanza, mlinzi wetu alikuwa amesimama akipiga kelele, "Vuta! Pole pole! Usimwachilie!" Tulipomkaribisha kula, alituangalia kana kwamba tumemkaribisha kula viatu. Hilo halikubadilika, na sidhani litabadilika. Jioni hiyo alimchukua Halima akalale bomani, na mimi na Nakiru tukabaki na hema lote.

Siku iliyofuata tulimpitia Halima bomani, tukarudi. Njiani nilifikiria jinsi tulivyohangaika na mizigo. Zawadi zote tulizobeba ili kumfurahisha Guyo hazikumfungua mdomo. Alihitaji kukasirika, na ndugu hawezi kukasirika vizuri bila kuongea. Nimejifunza kutoogopa sana hasira ya watu wangu. Nimejifunza pia kutomwachia Nakiru ndoano.

Tulipofika Ngaremara mtandao ukarudi, na simu ya Halima ikalia. "Mmefika wapi?" Alikuwa Guyo. Tulipokuwa tukishusha mizigo mjini ikalia tena. Halima alikuwa ameshika sufuria mikono miwili, nikaiweka simu kwenye spika.

"Umefika?"

"Nimefika nyumbani, alhamdulillahi."

Tukasikia Guyo akimfukuza mbuzi.

"Hapo ni kazini," akasema Guyo. "Nyumbani ni huku."