Kofia za Mabaki ya Uzi

Siku yangu ya kwanza kazini sikukaribia mashine hata moja. Ilikuwa miaka ya sabini, katika karakana ya masweta ya shule karibu na soko la Gikomba. Nilikuwa nimetoka mkoa wa Magharibi juzijuzi kumfuata mume wangu, fundi wa reli, tukikaa mtaa wa Makongeni. Msimamizi, Mama Kamau, aliniwekea gunia la mabaki ya uzi miguuni.

"Tenganisha," alisema. "Mnene kando, mwembamba kando. Ukichanganya, sweta litapinda ubavu."

Alinifundisha kuujua uzi kwa moto: wa sufu hunuka kama nywele, wa nailoni huyeyuka. Vielelezo, yaani maelezo ya vitanzi na mistari, hatukuwa na uwezo wa kununua. Tulisoma karatasi zilizofungiwa madonge ya uzi, tukaazimana kanisani. Saa ya chakula tulikwenda sokoni, tukageuza sweta la mtumba ndani nje na kuhesabu vitanzi kwa ukucha, mpaka mwenye kibanda aseme, "Mama, unanunua ama unasoma?"

Baadaye nilihamishiwa sehemu ya kumalizia, ambako tuliunganisha mikono na shingo. Mama Kamau hakuzungumza mambo ya nyumbani kwake. Basi asubuhi moja ya Julai, baridi imekaza, alipovuta kiti akaketi kando yangu, nilijua kuna jambo.

"Rasoa, mke wa mwanangu Kamau amejifungua kabla ya siku zake. Msichana. Kichwa ni kama chungwa. Kuna kielelezo cha kofia ya mtoto kama huyo?"

"Hakuna, Mama. Lakini niletee chungwa."

Nilifuma nikipima juu ya lile chungwa. Uzi mweupe haukutosha, nikamalizia ukingo kwa manjano hafifu. Fundo nililiacha upande wa nje, lisimguse ngozi.

Kofia ilimtosha. Mtoto hakumaliza wiki. Walimzika nayo kichwani.

Mama Kamau alirudi kazini macho makavu, akaenda moja kwa moja kwa meneja kuomba mabaki ya uzi. Mabaki yasiyotosha sweta yaliuzwa kwa watu wa kujaza mito ya kulalia, na meneja hakupenda kuombwa.

"Hayo ni mali ya kampuni, Mama Kamau."

"Najua, bwana. Mimi ndiye niliyeyalinda. Leo naomba. Wadi alimolazwa mjukuu wangu ina watoto wengine wadogo kama yeye."

Meneja alifunga daftari lake. "Chukua ya rangi. Meupe uyaache."

Ndiyo maana watoto wa wadi ile walivaa rangi za shule: bluu, maruni, kijani. Tulifuma wakati wa chai. Kielelezo cha kofia ile hatukukiuza, kilipita mkono kwa mkono, kutoka mtaa wa Bahati hadi Mathare, na wauguzi wakawafundisha akina mama waliolazwa.

Vijana huniuliza kazi ile iliniachia nini. Iliniachia vidole vilivyokakamaa na macho mabovu. Sijutii. Wako watu wazima mjini humu waliopashwa joto na uzi uliokuwa wa kujaza mito.

Mama Kamau alistaafu kabla yangu. Zamu yangu ilipofika alikuja kunitembelea, akaketi na kikombe cha chai mkononi. Hatukuwa tumewahi kumtaja yule mtoto.

"Alikuwa kifungua mimba wa Kamau," alisema. "Na kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Aliitwa Wanjiru."

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimemwita Mama Kamau. Siku hiyo ndipo nilipolijua jina lake.